Kiboko na Chungu Kisichojaa

Hapo zamani za kale, tena zile za mbali kabisa, wakati Kiboko alikuwa bado anakaa nchi kavu na kutembea mchana kweupe na fimbo yake kwapani, kulikuwa na kijiji kiitwacho Majanimapana. Sogeeni ndani, wanangu. Mkikaa mlangoni mnaniingizia baridi.

Kabla hatujafika kijijini, niambieni, ni kitu gani kisichojua kushiba? Moto, eh? Kweli. Ukiupa ukuni utataka gogo, ukiupa gogo utataka paa la nyumba. Mchanga nao, umwagie maji kutwa, kesho uuguse, mkavu. Na maswali ya huyu mdogo wenu hapa, ukijibu moja linazaa mawili. Hiyo ni kiu ya kujua, haikatiki, na mimi naiombea isikatike kamwe. Lakini ipo njaa nyingine isiyokatika, ile ya mtu ambaye tumbo limejaa na jicho bado tupu. Hiyo ndiyo habari ya leo.

Basi, watu wa Majanimapana walikuwa na desturi, na ninyi mnaijua maana hata kwetu ipo. Ukiwa unakula na mtu akapita, sharti umwambie, "Karibu." Uwe na sinia la wali, uwe na kipande cha muhogo, ni hivyo hivyo, "Karibu." Naye anayepita, kama amelelewa, hujibu, "Starehe, nimeshiba," hata kama tumbo linamnguruma tangu asubuhi. Mmoja anatoa kwa heshima, mwenzake anakataa kwa heshima, chakula kinabaki cha wenyewe na mapenzi yanabaki ya wote.

Ilikuwa desturi nzuri. Ilikuwa na kasoro moja tu, na kasoro hiyo iliitwa Jumbe Kiboko.

Ndii, ndii, ndii. Kila moshi ulipopanda juu ya paa la mtu, nyayo hizo zilisikika zikija. Kisha kivuli kikubwa kikaziba mlango.

"Nimepita tu," husema Kiboko.

"Karibu, Jumbe." Watu watasema nini kingine?

"Ah, mimi nimetoka kula sasa hivi. Lakini kukataa karibu ya mtu ni dharau. Wacha nionje."

Kuonja kwenyewe sasa! Alipanua kinywa mpaka ungeona alichokula juzi. Akainua chungu kizima kwa mikono miwili, gudu gudu gudu, akakilamba ndani, akakilamba nje, halafu akauliza kama kuna ukoko.

"Jumbe, hujashiba tu?" Nyani alimuuliza siku moja kwa upole.

"Kushiba?" Kiboko alishangaa, kama ameulizwa habari za nchi asiyowahi kufika. "Mimi huacha kwa sababu chungu kimeisha."

Na msidhani alikuwa fukara. Nyuma ya nyumba yake kulikuwa na ghala refu. Kila mavuno alipita mashambani kuonja mtama wa watu, kapu huku, gunia kule, na onjo hilo lote lilikaa ghalani halijaguswa. Alipoulizwa kwa nini hali chake, alijibu bila haya, "Changu kipo, hakikimbii. Cha watu ndicho huisha usipokiwahi."

Wanakijiji walijaribu kujiokoa. Walipika alfajiri, na pua ya Kiboko ikaamka mapema kuliko jogoo. Nyani akajifungia ndani akala gizani na wanawe. Kiboko akasimama nje akamsuta mpaka majirani wakatoka, "Tazameni, anakula kwa kujificha kama mwizi! Ndiyo malezi hayo?" Masikini Nyani, siku nyingi alipita njiani akiangalia vidole vyake vya miguu.

Mwaka huo mvua zilikawia. Mtama ukawa wa kuhesabia punje. Na katikati ya kiangazi hicho, Bi Digidigi akajifungua.

Digidigi mnamjua, mnyama mdogo, miguu kama vijiti vya kuchokolea meno, macho makubwa yana weusi pembeni utadhani amelia jana. Huyo alikuwa mtoto wake wa kwanza. Na mzazi wa Majanimapana hakuruhusiwa kutoka nje mpaka arubaini yake itimie. Alilala nyuma ya pazia na mwanawe, akakandwa kwa maji ya moto, akapikiwa uji wa mtama wenye ufuta na pilipili manga ili maziwa yashuke. Mpishi wa uji huo alikuwa mkunga wake, Mama Kanga, ambaye mdomo wake haukuwa na kifuniko lakini mikono yake ilikuwa na baraka.

Siku ile ya kwanza Mama Kanga alikuwa ndiyo kwanza amepakua. Bi Digidigi ameshika bakuli, amepuliza mara moja, hajanywa.

Ndii, ndii, ndii.

"Nimepita tu," ikasema sauti mlangoni. "Nimekuja kumwona mtoto."

Bi Digidigi alilijua neno linalofuata, akalibana kwa meno. Lakini malezi ni malezi, wanangu. Neno likamponyoka lenyewe.

"Karibu, Jumbe."

"Jumbe, huo ni uji wa mzazi," akasema Mama Kanga haraka, mbawa zimesimama.

"Najua. Ndiyo maana unanukia kuliko uji mwingine." Mkono ukapita kando ya pazia, ukachukua bakuli, kisha ukachukua chungu. Gudu gudu gudu. "Pilipili imekuwa kidogo. Kesho muongeze." Akaenda zake. Mtoto hakumtupia hata jicho.

Kesho akaja. Kesho kutwa akaja. Bi Digidigi akawa anaramba bakuli tupu, na maziwa yakaanza kukauka. Mtoto alinyonya, akaachia, akalia mee, akashika tena, akaachia. Kilio chake kila siku kilikuwa chembamba kuliko cha jana. Mama yake alikuwa na hofu moja tu, kwamba mtoto huyu hatafika arubaini.

"Nimkatalie mlangoni?" Bwana Digidigi akauliza. Alikuwa ameshinda vichakani na kurudi na konzi ya majani makavu.

"Umkatalie wewe? Akikukanyaga bila kukuona, nibaki na mtoto na ujane?" Bi Digidigi akalia kwa uchungu na hasira, na hasira ilikuwa nyingi zaidi.

Ndipo akasikia kitu chini ya ardhi. Kwaru, kwaru, kwaru. Udongo wa uani ukavimba, mbele kabisa ya mlango, ukapasuka, na pua ndefu ikatokeza. Alikuwa Mhanga, mchimbaji, mnyama mwenye haya ambaye akikutana na watu hutamani ardhi immeze, na kwa kawaida humeza.

"Nisamehe sana, Bi mzazi," akasema Mhanga. "Nimekosa njia. Nilidhani hapa ni chini ya mbuyu mdogo. Nitaziba."

"Ngoja, usizibe kwanza," akasema Bi Digidigi nyuma ya pazia. "Shimo lako hilo linaishia wapi?"

"Linashuka, linashuka, linatokea kwangu bondeni. Kuna chumba pale, kikubwa. Nilianza kuchimba nikasahau kuacha."

"Mtu akimwaga kitu hapa juu?"

"Kitateleza chote mpaka chumbani kwangu. Hata mvua hunifanyia hivyo."

Bi Digidigi akafuta machozi kwa sikio la mtoto. Akauliza tena, polepole, "Kwa hiyo mtu akitaka kulijaza?"

Mhanga akafikiri. "Atachoka," akasema.

Hapo niwaeleze desturi nyingine ya Majanimapana, maana bila hiyo hamtaelewa ujanja wa huyu mama. Mtoto akitimiza arubaini hupewa jina la mtu mzima wa kijijini, na mtu huyo huitwa somo wake. Siku hiyo chungu kidogo huchimbiwa uani mpaka shingoni, pale kilipozikwa kitovu cha mtoto. Somo hukijaza nafaka mpaka ifurike mdomoni, iwe dalili kwamba mtoto hatalala njaa. Kikishajaa, somo huketi kichwani mwa karamu na kula peke yake, na hakuna mkono mwingine unaogusa sinia mpaka aseme, "Nimeshiba." Masomo wote tangu mababu walikula tonge, wakasema, "Nimeshiba, karibuni." Kwa nini waseme upesi? Kwa sababu watoto walikuwa wanatazama.

Sasa mmeanza kucheka. Subirini.

Siku iliyofuata, shimo limeshafunikwa kwa jiwe, Kiboko hakuwa amefika sawasawa mlangoni, akasikia sauti tamu nyuma ya pazia.

"Karibu, Jumbe, karibu sana. Tulikuwa tunakutaja. Mtoto wetu hana somo."

Mama Kanga alikuwa anakoroga uji. Mwiko ukasimama. Yeye ndiye aliyeahidiwa usomo huo tangu mimba ilipokuwa changa.

"Kila nikimtazama mwanangu nasema, mtoto mdogo namna hii atafaa apewe jina kubwa," Bi Digidigi akaendelea. "Lakini naogopa. Jumbe ana shughuli nyingi, hatapenda kukaa peke yake mbele ya masinia yote ya kijiji."

Kiboko akaketi. Nyumba ikatikisika. "Masinia yote?"

"Desturi ndivyo inavyosema. Asiguse mtu mpaka somo ashibe."

"Mpaka somo ashibe," Kiboko akarudia taratibu, kama mtu anayenyonya mfupa. Hakuna aliyewahi kumwomba kuwa somo. "Na hao wengine watasubiri?"

"Watasubiri, Jumbe. Watakuwa wamenawa mikono, wametulia. Lipo jambo moja tu dogo, la kujaza chungu."

"Chungu gani?"

"Hicho hapo dirishani."

Kiboko akakitazama. Kilikuwa chungu cha kupikia mboga, ukubwa wa gamba la kobe mchanga. Akacheka mpaka pazia likapepea. "Hicho? Hicho nitakijaza kwa kiganja kimoja."

"Usiseme hivyo, Jumbe. Watu wakisikia watasema unajitapa."

"Waache wasikie! Piteni mkatangaze," akamwambia Mama Kanga. "Na mseme hivi, hili ni agizo langu mwenyewe. Chakula kisiguswe na mtu yeyote mpaka chungu kijae na mimi niseme nimeshiba. Sitaki nikiwa na shughuli na chungu, mtu aninyofolee mnofu."

"Tutasema neno kwa neno," akajibu Bi Digidigi. "Ila mpaka siku hiyo, Jumbe, somo haonji chungu cha mzazi. Akionja, karamu inahesabiwa imeshaliwa."

Kiboko akautazama uji. Akayafikiria masinia. Ilikuwa vita kubwa humo kichwani, mikunjo ya shingo ikapanda na kushuka. Mwishoni akainuka na kutoka bila kuonja kitu, na hilo lilikuwa halijatokea tangu aote meno.

Mlango ulipofungwa Mama Kanga akageuka, macho mekundu. "Mimi niliyemkata mtoto huyu kitovu, leo jina lapewa tumbo?"

"Njoo karibu, Mama Kanga. Leta sikio lako, na mdomo uuache hapo jikoni."

Akamnong'oneza. Mama Kanga akasikiliza, akapanua macho, akashika tumbo, akacheka kicheko ambacho kanga wote wanakicheka mpaka leo. Na ajabu kuliko zote, hakumwambia mtu ila aliyepaswa kujua. Naye Bi Digidigi akanywa uji wake, bakuli la kwanza tangu ajifungue.

Arubaini ikafika. Alfajiri Mhanga akagonga kitako cha kile chungu, tak, kikatoka chote. Akakichimbia uani shingo ikiwa juu, chini yake shimo limekaa wazi. Ukitazama kutoka juu huoni ila giza, na kila chungu kina giza ndani. Nyani na wanawe wakateremshwa chumbani kwa Mhanga na makapu.

Majirani wakaja na akiba yao ya mwisho. Hili msilisahau, wanangu. Kila nyumba ilikuwa imekwangua kibuyu. Wengi hawakujua mpango wa Bi Digidigi. Walijua tu kwamba mtoto anapewa jina, na kwamba Kiboko akishakaa mbele ya masinia hayo, kesho hawatakuwa na kitu. Hata hivyo walikuja. Kukawa na wali wa nazi, kunde zilizoungwa kwa karanga, boga, na mchicha. Harufu ikatapakaa.

Bi Digidigi akatoka nje kwa mara ya kwanza, amejitanda kanga mpya, mtoto kifuani. Jua lilimuumiza macho. Akamkumbatia mtoto kwa nguvu, maana alijua kwamba akishindwa leo hana hila nyingine.

Ndii, ndii, ndii. Kiboko alikuja amevaa kanzu, na alikuwa hajala tangu jana ili apate nafasi.

"Chungu kiko wapi tumalize?" Macho yake yalikuwa kwenye masinia.

Akachota konzi ya mtama akaumwaga. Shwaaa. Akageuka kwenda kuketi.

"Bado, Jumbe," akasema Mama Kanga.

Akachungulia. Giza. Akamwaga kapu alilokuja nalo. Shwaaaa. Giza.

"Kina kina, hiki," akasema. Akaenda ghalani kwake akarudi na gunia begani. Shwaaaaaa! Mtama ulishuka kama mvua ya masika, kisha kimya. Watu waliokuwa wameketi wakatazamana. Mikono walikuwa wamenawa, wakaiweka magotini.

"Tunakusubiri, Jumbe," akasema Bi Digidigi kwa adabu.

Gunia la pili. La tatu. Kiboko akavua kanzu. Harufu ya wali ilimfuata kila akienda na kumpokea kila akirudi, na tumbo lake likalia ngurrr, watoto wakadhani ni radi. Akatoa fimbo kwapani akaiweka chini. Jasho likamtoka, na jasho la kiboko ni jekundu, kamuulizeni.

Kule chini vumbi la mtama lilikuwa limemjaa Nyani puani. Alijizuia, akajizuia, akashindwa.

Chya!

Kiboko akasimama na gunia mikononi. "Chungu kimepiga chafya."

Moyo wa Bi Digidigi ukasimama nao. Mama Kanga akafungua mdomo, akauziba upesi kwa ubawa. Kila mtu alikuwa anakitazama chungu.

"Alaa," akasema Bi Digidigi, "basi kimekaribia. Hata wewe, Jumbe, kwa watu hupiga chafya kidogo kabla ya kuomba nyongeza."

Kiboko akafikiri. Ilikuwa kweli, alikuwa na tabia hiyo. Akamwaga gunia.

Akaendelea hivyo, ghala hadi uani, uani hadi ghala, mpaka akarudi na ufagio na kapu la punje za mwisho zilizokuwa zimebaki pembeni mwa ukuta. Shwa. Giza.

Hapo akapandwa na ghadhabu. Akakipigia kelele chungu, mate yakiruka.

"Chungu gani hiki? Nimekipa changu chote! Hakisemi asante, hakisemi basi, kinapanua mdomo tu kingoje kingine!"

"Usikasirike, Jumbe," Bi Digidigi akasema. "Labda mtoto amechukua jina lako, chungu chake kikachukua tumbo lako. Sisi tufanye nini? Wewe ndiye mkubwa wetu, hukumu ni yako. Kitu kinachopokea na kupokea, na hakijui kusema kimeshiba, kikae nacho kijijini?"

"Kisikae hata siku moja!"

"Kipelekwe wapi?"

"Mtoni!" Kiboko akanguruma. "Kitupwe mtoni kikakae na maji, maji ndiyo hayaishi! Kitatumaliza kikikaa hapa. Mnangoja nini? Kitu cha namna hiyo kinaishije na watu?"

Hakuna aliyekwenda kukichimbua chungu. Wote walikuwa wanamtazama yeye. Kobe mzee aliyeketi mbele akainamisha kichwa, si kwa dharau, kwa huruma hasa.

"Hukumu imesikika," akasema Mama Kanga taratibu.

Kiboko akatazama upande huu, akatazama upande ule. Akaona mbavu za Swala, zilizokuwa zinahesabika. Akamwona mtoto wa Digidigi, na hii ndiyo mara ya kwanza kumtazama kweli, kitoto kilichokuwa bado kimekonda, macho makubwa kuliko uso. Akaona nyumba alizopita, moja baada ya nyingine, zote ziko mbele yake zimeketi na mikono safi, zinasubiri ruhusa yake kula chakula chao wenyewe. Sijui ni kipi kati ya hivyo kilichomchoma. Lakini masikio yake madogo yakaanza kulala, hili kwanza, hili baadaye.

Bi Digidigi naye, niwaambie ukweli, akamwonea huruma. Alikuwa amemshinda tayari, na mtu aliyeshindwa hupungua ukubwa. Akachota wali kwa kijiko, akausogeza mbele.

"Karibu, Jumbe," akasema. Safari hii neno halikumponyoka. Alilisema kwa kutaka.

Kiboko akakitazama kijiko. Hakuwa na punje nyumbani. Hakuwa amekula tangu jana. Tumbo likalia ngurrr, kila mtu akasikia.

"Starehe," akasema, kwa sauti ambayo hawajawahi kuisikia kwake. "Nimeshiba."

Akachukua fimbo yake, akasahau kanzu, akaenda zake njia ya mtoni. Ndii, ndii, ndii, na kila hatua ilisikika ndogo kuliko iliyotangulia. Chubwi! Maji yakamfunika mpaka puani.

Halafu Kobe akakohoa. "Jamani, chungu kimeshahukumiwa, na somo si amesema ameshiba? Tunangoja nini?"

Wakala, wanangu. Waliokula harakaharaka siku zote, leo walikula polepole, kwa sababu hakukuwa na nyayo za kuwahi. Katikati ya karamu Nyani akatokeza bondeni, mweupe kwa vumbi kuanzia kichwani hadi mkiani, na makapu ya mtama nyuma yake. Waliokuwa hawajui ndipo wakajua, wakacheka mpaka Mhanga akaona haya akarudi ardhini. Kila nyumba ikachukua onjo lake lililokuwa limelala ghalani kwa Jumbe. Kapu moja Bi Digidigi akaliweka kando, na jioni mumewe akalipeleka akaliacha ukingoni mwa mto, bila kusema neno. Asubuhi kapu lilikuwa tupu, limeoshwa, na ndani yake kuna maua ya yungiyungi. Hata Kiboko alikuwa amekumbuka kwamba chombo cha jirani hakirudi tupu.

Na jina je? Jina la Kiboko lilikwenda mtoni na mwenyewe. Mama Kanga akawa somo kama alivyoahidiwa, lakini akasema jina lake lina kelele mno kwa mtoto mpole vile. Wakamwita Tosha. Alinyonya siku ile mpaka maziwa yakamtiririka kidevuni, akaachia mwenyewe, akalala. Mama yake alikaa akamtazama kwa muda mrefu, maana hakuna kitu kizuri machoni pa mama kama mtoto aliyeacha mwenyewe.

Ndiyo sababu mpaka leo Kiboko hushinda majini, amebakiza macho na pua. Hutoka kula majani usiku, wakati vyungu vimeoshwa na hakuna wa kumwambia karibu. Anaona haya bado.

Asiyejifunza kusema "nimeshiba" akiwa na kitu, atalisema siku hana kitu.

Chungu changu kimejaa, wanangu, siongezi hata punje. Anayetaka hadithi nyingine, huyo namjua, kwao ni mtoni.